Kuiondoa injini ya chipa na kuifunga kwenye trekta

Kazi yangu ni kupogoa na kuangusha miti kwenye nyumba za watu, shule na misikiti, kuanzia Nyali kupitia Kisauni hadi Bamburi. Masika yakishapita, Mombasa huwa haina ua usiokuwa na tawi la mwarobaini lililolala juu ya waya wa stima, au mwembe ulioingia kwenye paa la jirani. Kukata ni sehemu rahisi. Kazi ni yale matawi yakishakuwa chini. Wengi huyachoma papo hapo, moshi ukawaingilia wagonjwa wa pumu nyumba ya tatu, na wengine hulipa lori liyapeleke Mwakirunge jaani, lori zima limejaa hewa na majani. Ndiyo maana nilinunua chipa, mashine ya kusaga matawi yakawa vipande vidogo. Rundo la lori zima linageuka magunia, na magunia yale yana wenyewe: wafugaji wa kuku, wenye bustani, wenye miche.

Chipa yangu ni ya ngoma, yaani visu vimefungwa juu ya pipa zito la chuma linalozunguka. Ilikuja na injini yake ya dizeli ya silinda moja, nguvu farasi 13 hivi. Ngoma ni nzima hadi leo. Injini ndiyo iliyokwisha: chumvi ya bahari, vumbi la majani kwenye chujio la hewa, na kazi ya jua kali mwaka baada ya mwaka. Fundi aliponiambia kwamba krankishafti, ule mhimili mkuu wa injini, imeliwa na haina kipimo kingine cha kuchongwa, nikaenda kuuliza bei ya injini mpya, nikarudi nyumbani kimya.

Shemeji yangu ana Massey Ferguson 240 huko Mwakirunge. Hulima kabla ya masika, hulima tena kidogo kabla ya vuli, na miezi mingine yote inakaa chini ya mwembe ikivuta maji mara mojamoja. Injini yake ina nguvu farasi karibu 50, na nyuma ina PTO, ule mhimili unaotoka katikati ya mikono ya haidroliki kuendesha mashine nyingine. Nikamwambia nia yangu.

“Yakhe, trekta hii ndiyo inayosomesha wanangu,” akanijibu. “Ukinivunjia gia, tutazungumza lugha nyingine. Lakini ukiniletea hesabu niione kwa macho yangu, sina neno.”

Hesabu aliyoitaka ndiyo sababu ya mimi kuandika haya. Mafundi niliowaendea mwanzo walinijibu jibu moja: toa injini, chomelea shafti, kwisha. Shafti kweli yachomeleka, na mashine itazunguka. Lakini mashine ya visu haitaki kuzunguka tu. Yataka kasi yake, upande wake, na mahali pa kukatika siku ikikwama, na hivyo vitatu havionekani kwa macho mashine ikiwa imesimama.

Nianze na kasi. Injini yangu ilizunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwenye mhimili wake palikuwa na puli, gurudumu la kupitishia mkanda, ya kipenyo cha milimita 120, na kwenye ngoma puli ya milimita 240. Kwa hivyo ngoma ilikwenda nusu ya injini, mizunguko 1,500. Trekta nayo, ukiiweka kwenye ile alama ya PTO iliyoko kwenye geji, hutoa mizunguko 540 tu. Ukiifunga PTO moja kwa moja kwenye ngoma, visu vinapita mbele ya tawi kwa kasi iliyozidi thuluthi kidogo ya ile viliyoundiwa. Tawi litatafunwa, halitakatwa, na vipande havitakuwa na mwendo wa kuruka kupanda bomba la kutokea. Vitajaa ndani hadi ngoma isimame. Ukiifunga PTO mahali pa injini ukaziacha puli zilivyo, ndiyo mbaya zaidi: ngoma itakwenda mizunguko 270. Ukizibadilishana, kubwa upande wa trekta na ndogo upande wa ngoma, unapata 1,080. Hapo ni karibu, lakini bado.

Tulichofanya ni kuweka mhimili wa kati. PTO inauzungusha mhimili huo kwa 540, juu yake kuna puli ya milimita 350, na kwenye ngoma tukaweka ya milimita 140. Gawanya 350 kwa 140 upate mbili na nusu. Zidisha na 540: mizunguko 1,350. Iko chini kidogo ya kasi ya zamani, na tulitaka iwe hivyo. Nguvu inayovuta visu vitoke kwenye ngoma haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Boliti za visu zimepimwa kwa mwendo wa kiwandani na si zaidi. Trekta ina nguvu ya kutosha kufidia huo upungufu mdogo, ila hakuna kitakachofidia kisu kilichong’oka. Tena tungetaka kuifikisha 1,500 kamili kwa puli kubwa ileile, ile ndogo ingebidi ishuke hadi kama milimita 126, na mkanda mnene ukipindwa kwenye puli ndogo hupasuka tumboni.

Na hapa niseme neno kwa wenye trekta kubwa zaidi. Zipo zenye PTO ya mizunguko 1,000. Ukifunga puli kama zangu kwenye hiyo, ngoma itafika 2,500. Mhimili wa 540 una meno 6 na wa 1,000 una meno 21, hata kama unene wake ni uleule wa milimita 35, ili usiweze kuchanganya. Yupo fundi atakayekuchongea kipande cha kuunganisha meno 21 na meno 6. Usimpe kazi hiyo.

Jambo lililomkalia shemeji moyoni zaidi ni msokoto, yaani nguvu inayousokota mhimili. Nguvu farasi 13 ni kama kilowati 10. Kilowati 10 zikipita kwenye mhimili unaozunguka mara 3,000, msokoto wake ni nyutoni-mita 32 hivi. Kilowati zilezile zikipita kwenye mhimili wa mizunguko 540, msokoto unafika 177. Mwendo umepungua, nguvu ya kusokota imepanda zaidi ya mara tano. Na hiyo ni kama trekta itatoa kilowati 10 pekee, nayo inaweza kutoa mara tatu ya hapo bila kuhema. Kwa hivyo mhimili mwembamba uliotosha kwa injini hautoshi kwa trekta. Fundi wetu wa Changamwe, mtu mzima aliyezeekea kwenye mashine ya kukereza chuma, aliukataa mhimili wa kwanza niliompelekea kwa kuushika tu mkononi.

“Huu ni wa feni, mwanangu. Niletee wa milimita 50.”

Akaukereza ncha moja kwa meno 6, akachonga njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachozuia puli isiteleze juu ya mhimili, na akaweka beringi mbili zenye vikombe vyake vya kufungwa kwa boliti, moja kila upande wa puli. Puli kubwa isining’inie nje ya beringi, alisisitiza, maana mikanda ikikazwa huvuta mhimili upande mmoja siku nzima na beringi ya nje hula joto hadi igeuke buluu.

Upande wa kuzunguka ulituchukulia mchana wote, na ndio niliouonea raha. PTO ya trekta, ukisimama nyuma na kuitazama, huzunguka kwa mwendo wa saa. Mikanda haibadilishi upande. Puli zote mbili huenda kumoja. Sasa ngoma yangu ilikuwa imeundwa visu vikate vikishuka, vikikutana na kile kisu kilicholala chini ya mdomo wa kulishia. Ukiigeuza ngoma, migongo ya visu ndiyo itakayopiga mbao, na vipande vitatemwa usoni mwa anayelisha. Fundi alichukua chaki akachora mshale kwenye ngoma, akachora mwingine kwenye puli, akasimama nyuma ya trekta akiuzungusha mkono hewani. Kitu kinachozunguka kwa mwendo wa saa, upande wake wa kulia ndio unaoshuka. Basi mdomo wa kulishia sharti uwe kulia, na vipande vitoke kushoto. Chipa ilivyokaa kwenye fremu yake ya zamani mdomo ungekuwa kushoto. Hatukubadilisha kitu chochote ndani yake: tuliinua ngoma na nyumba yake, tukaigeuza nyuma mbele, puli ikahamia upande wa pili, tukachomelea fremu mpya. Gharama yake ilikuwa chuma cha pembe na jasho.

Fremu mpya haikai juu ya magurudumu tena. Inabebwa na mikono mitatu ya trekta: pini mbili chini na moja juu. Tulipima matundu ya ile mipira ya chuma iliyoko kwenye ncha za mikono kabla ya kuchonga pini, kwa sababu trekta hizi zimepita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja amebadilisha kitu chake.

Shafti ya kuunganisha, ile yenye misalaba miwili na bomba linaloingia ndani ya bomba, tuliipata kwa mtu aliyeitoa kwenye rotaveta, mashine ya kutifua udongo, iliyokufa. Ilikuwa ndefu. Watu wengi huikata kwa kukisia, na hapo ndipo PTO nyingi huuawa. Tuliifunga chipa, tukaiinua na kuishusha polepole kwa haidroliki hatua kwa hatua, injini ikiwa imezimwa kila tulipopima, tukitafuta pale ambapo umbali ni mfupi kabisa na pale ambapo ni mrefu kabisa. Kwenye umbali mfupi, mabomba yasigonge mwisho, la sivyo yatasukuma mhimili wa trekta kuingia ndani na kupasua beringi yake. Kwenye umbali mrefu, lile bomba la ndani liwe bado limezama angalau thuluthi ya urefu wake. Na misalaba iwe imeelekeana, masikio yanayoshika msalaba wa huku yakilingana na masikio ya kule. Ikipishana shafti hutetemeka hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Mahali pa kukatika pako kwenye kichwa cha shafti hiyo: boliti moja laini. Mti ukikwama au kipande cha chuma kikiingia, boliti inakatika na trekta inaendelea kuzunguka bure. Nina mfuko wa boliti hizo ndani ya sanduku la spana, na kila kijana wangu anajua kwamba hairuhusiwi kuweka ngumu zaidi kwa sababu “hizi zakatika sana.” Zikikatika sana, kisu ni butu au mlishaji ana haraka.

Kuna kifaa kingine ambacho fundi mmoja wa Mikindani alinicheka kwa kukitaka: klachi ya kuachia. Ngoma hii ni nzito, na ikishafika 1,350 haisimami kwa kuambiwa. Ukizima trekta, ngoma inaendelea, na sasa yenyewe ndiyo inayoisukuma trekta kupitia PTO. Kwenye trekta za zamani zenye klachi ya hatua moja, dereva anaweza kukanyaga klachi hadi chini na trekta ikaendelea kwenda mbele, ikiendeshwa na ngoma kupitia gia. 240 ya shemeji ina klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama na PTO inaendelea, ukikanyaga yote PTO nayo inasimama. Afadhali. Lakini kesho naweza kukodi trekta nyingine. Klachi ya kuachia hufanya kama baiskeli unapoacha kupiga pedali: gurudumu linakwenda zake, miguu imetulia. Nimeiweka, na sijawahi kujuta.

Nifike kwenye kinga ya shafti, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Bomba la shafti lenye unene wa sentimita 8 lina mzingo wa sentimita 25, kwa hivyo linameza zaidi ya mita 2 za nguo kwa sekunde moja. Sisi huku twavaa kikoi. Wazee huja na kanzu kutoka msikitini kutazama mashine. Akina mama hupita na leso na buibui wakikusanya kuni. Sijui mahali pengine ambapo mavazi ya kila siku yamefaa joto la nchi hivi, na yakaifaa shafti ya PTO hivi.

Kabla kinga haijafika nilitaka vijana wangu waone. Nikafunga kipande cha kikoi kizee kwenye ncha ya ufito mrefu wa mkoko, nikawarudisha wote nyuma ya ukuta, trekta ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa. Niliisogeza ncha hadi ile nguo ikagusa msalaba wa shafti. Sikuona ikishikwa. Nilichohisi ni ufito kuondoka mkononi mwangu, na macho yalipofika, kikoi kilikuwa kimesokotwa juu ya shafti kimebana kama ngozi, na ufito umevunjika vipande viwili chini ya trekta. Hatukuwasha tena hadi kinga ya plastiki ilipofungwa, na minyororo yake miwili kushikizwa, mmoja kwenye trekta na mmoja kwenye chipa, ili kinga isizunguke na shafti. Siku za kazi tunavuta kamba kuzunguka eneo zima. Mzee akija na kanzu anaamkiwa, analetewa kiti, na kiti kinawekwa nje ya kamba.

Kuwasha kuna adabu yake pia. PTO inaingizwa injini ikiwa chini, klachi inaachiwa polepole, ngoma ianze kuvuta pumzi, ndipo kasi ipandishwe hadi kwenye alama. Ukiingiza PTO juu ya kasi, mikanda inalia na boliti laini inakwenda. Tawi haliingizwi kabla geji haijafika kwenye alama.

Miti yetu imenifundisha mengi ambayo vitabu vya mashine, vilivyoandikwa kwa ajili ya misonobari na mialoni, havina. Mwarobaini mbichi ndio rahisi kuliko yote, unasagika kama unavyotaka, ila mwarobaini wa mjini una misumari. Kila mgombea uchaguzi na kila mganga amepigilia kibao chake humo, gome likakua likafunika. Sasa shina lolote lililokuwa kando ya barabara halipiti kwenye chipa yangu kutoka usawa wa kichwa kushuka chini, linauzwa kuni. Mvinje ni mgumu, hula makali kabla ya mchana, na ukikauka ni afadhali uuache uwe mkaa au boriti. Kuti la mnazi linaingizwa kwa upande wa kikonyo, bichi, moja moja. Kuti kavu na makumbi hutoa nyuzi, na nyuzi hupenya kando ya ngoma zikajisokota kwenye mhimili hadi zikafikia sili ya beringi na kuing’oa. Kila jioni baada ya kazi ya minazi, kisu kidogo kinapita pande zote mbili za ngoma kuzikata. Nafasi kati ya kisu cha ngoma na kile cha chini naiweka milimita 1 hivi. Ikizidi, nyuzi ndizo za kwanza kukwambia, kwa kutoka ndefu bila kukatwa.

Chumvi haina siri. Meno ya PTO yakiachwa makavu wiki mbili tu karibu na bahari, shafti haitoki bila nyundo. Grisi kwenye meno, grisi kwenye misalaba, mafuta mazito kwenye visu kabla ya kulala.

Vipande vyenyewe ndivyo vilivyonifanya niipende kazi hii upya. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji. Nimetandaza vipande chini ya miembe na midimu ya shemeji, unene wa kiganja, mbali kidogo na shina, na chini yake udongo unakuwa na unyevu hata kaskazi ikivuma. Sivichimbii ndani, maana vipande vibichi vikizikwa hunyang’anya mimea naitrojeni wakati vinaoza; juu ya ardhi havina ubaya huo. Asiyeamini kwamba majani na vijiti hutengeneza ardhi aende Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa shimo tupu la machimbo ya saruji, mawe ya matumbawe yasiyootesha hata nyasi. Kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda mivinje, na majani yake yaliyoanguka yalipogoma kuoza, akaleta majongoo wayatafune. Leo ni msitu. Mimi sina majongoo ya kutosha, lakini nina ngoma yenye visu.

Shemeji sasa hutoza kwa saa, dizeli juu yangu, na trekta yake imeacha kulala chini ya mwembe. Ananihimiza tuweke roli za kulishia zinazoendeshwa na haidroliki ya trekta, ili kijana asisukume kwa mkono. Haidroliki ipo, na mota yake nimeshaiona mjini. Ninachosubiri ni fimbo ya kuzuia, ile inayokaa kwenye mdomo wa kulishia, mtu akiisukuma hata kwa paja roli zigeuke zirudishe tawi nje. Roli inayovuta tawi itavuta pia mkono ulioshika tawi. Fundi wa Changamwe anaichonga valvu yake, na mpaka aimalize tunaendelea kulisha kwa mkono, tawi kwa tawi, tukisimama kando ya mdomo.